Nilivyotoka Kwenye Majengo Nikaingia Mipango Miji

Jengo jipya likinivutia hapa Dodoma huwa silisifii siku hiyo hiyo. Nasubiri saa nane mchana, jua likishavuka utosi, nalizunguka kwa miguu. Naangalia kivuli chake kimelalia wapi: kwenye njia wanayopita watu, au kwenye maegesho ya magari na ukuta wa jirani. Naangalia mlinzi amejibanza upande gani, mama lishe ameweka wapi benchi lake, bodaboda wamepaki wapi. Nikimaliza mzunguko huo nalijua jengo kuliko ningelitazama kwenye picha ya droni iliyopigwa asubuhi na mapema.

Tabia hii sikutoka nayo kwenye shahada ya kwanza ya usanifu majengo. Niliipata mtaani, kisha nikaipa msingi niliporudi darasani kusoma shahada ya uzamili ya mipango miji. Naandika haya hasa kwa ajili ya vijana wanaochora ramani za nyumba kwenye ofisi ndogo ndogo za hapa mjini. Kila nikikutana nao swali ni lile lile: dada, hivi kurudi shule kuna faida gani?

Nianze na mapenzi, maana bila hayo nisingefika popote. Dodoma imekaa kwenye uwanda mkavu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na vilima vya mawe vimesimama huku na huko. Kikijengwa kitu kikubwa kwenye uwanda kama huu hakina pa kujificha. Utotoni nilizoea maduka ya mtaa wa Uhindini na nyumba za bati za mtaa uitwao Majengo. Halafu ghafla vitu vikaanza kuota. Mwaka 2006 jengo la Bunge lilizinduliwa. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa na kuanza kutandaza madarasa na mabweni vilimani. Mwaka 2010 ukafunguliwa msikiti mkubwa tunaouita wa Gaddafi, na 2015 ukumbi wa mikutano wa Jakaya Kikwete. Nikitoka shule nilikuwa napita njia ndefu makusudi ili nilione kuba la msikiti, na nikifika nyumbani nalichora nyuma ya daftari la hesabu.

Wapo wapangaji miji wanaoudharau mvuto wa namna hii. Kwao jengo la kuvutia ni pambo, na kazi ya maana ni mitaro na barabara. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Treni ya SGR ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, niliwaona watu wakisimama mbele ya stesheni mpya na watoto wao bila hata tiketi mkononi, wamekuja kutazama tu. Mtu anayesafiri kwenda kulitazama jengo la umma anaanza kuuona mji kuwa ni wake, na mtu wa aina hiyo utampata siku ukimwita kwenye mkutano wa mtaa kuzungumzia mtaro.

Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma, uamuzi uliokuwa umekaa tangu 1973. Mei 2017 Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA tuliyoizoea, ikavunjwa na kazi zake zikapelekwa halmashauri. Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Mwaka 2019 wizara zikaanza kufanya kazi Mtumba, kilomita zipatazo 17 kutoka katikati ya mji ukifuata barabara ya Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 ndani ya jiji. Kwa sisi tuliokuwa tunachora, maana yake ilikuwa ofisi haifungwi. Mteja anakuja na hati mkononi asubuhi, jioni anataka kuona sura ya nyumba.

Mteja mmoja sitamsahau. Mzee wa heshima zake, alikuwa anajenga ofisi za ghorofa nne kando ya barabara kubwa. Alinionyesha picha kwenye simu, mnara wa vioo vya bluu wa huko Dubai.

"Binti yangu, mimi nataka hivi. Vioo vitupu, juu mpaka chini. Mtu akipita aulize, hapa kajenga nani?"

"Mzee wangu, kiwanja chako kinatazama magharibi. Kuanzia saa nane mpaka jua linazama litakuwa linaingia ndani moja kwa moja."

"Si kuna AC?"

"Zipo, mzee. Ila bili ya umeme utailipa wewe, kila mwezi, miaka yote jengo litakayosimama."

Akanyamaza, akaitazama tena ile simu. Nikamchorea pale pale kwenye karatasi. Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua liko juu sana mwaka mzima. Ukuta wa kaskazini au wa kusini unaukinga kwa ubaraza mfupi tu, dirisha likabaki kivulini. Ukuta wa mashariki na wa magharibi ni habari nyingine, kwa sababu asubuhi na jioni jua huja kwa chini, linapita chini ya ubaraza wowote na kumfuata mtu mezani kwake. Ndiyo maana hapa jengo linafaa kulazwa urefu wake ukifuata mstari wa mashariki na magharibi, pande fupi ndizo zipigwe na jua. Kiwanja cha mzee hakikuruhusu kulilaza hivyo, basi tukakubaliana vioo vikubwa viende kaskazini na kusini. Upande wa barabara tukaweka madirisha membamba yaliyozama ndani ya ukuta, mbele yake pazia la tofali zenye matundu. Jengo likatoka zuri. Wapita njia wanaulizia mwenyewe, kama alivyotaka.

Lakini siku ya makabidhiano nilitoka nje nikaona miarobaini iliyokuwa mbele ya kiwanja imekatwa ili magari yapate pa kuegesha, na eneo lote limemwagwa zege. Hakuna aliyevunja ramani yangu, maana ramani yangu ilikuwa inaishia kwenye bikoni, ile alama ya mpimaji inayoonyesha mpaka wa kiwanja. Ile miti ilikuwa ng'ambo ya bikoni, ndani ya hifadhi ya barabara, na huko hakuna mteja aliyenilipa nifikirie chochote.

Wazo hilo halikuniacha. Mwezi wa kumi mwaka huo, kabla ya mvua, wakati Dodoma inachemka, nilikuwa nasubiri daladala kwenye barabara ya kwenda Mtumba. Ilikuwa saa kumi jioni. Kituo hakikuwa na banda wala mti, palikuwa na nguzo moja tu ya umeme. Abiria walikuwa wamesimama kwenye mstari mmoja, mtu nyuma ya mwenzake, wameelekea mashariki. Nilidhani ni foleni. Nilipokaribia ndipo nilipoona kwamba wamejipanga ndani ya kivuli cha ile nguzo, chembamba kama mkanda. Mbele alikuwepo mama na mtoto mgongoni, nyuma yake wanafunzi wawili, nyuma yao baba mwenye bahasha ya kaki. Kivuli kilipokuwa kinasogea, nao walisogeza miguu kidogo kidogo bila hata kuambiana. Ng'ambo ya barabara palisimama jengo la kupendeza, la kisasa kabisa, ambalo wasanifu wenzangu tulikuwa tunalizungumzia kwa wivu. Kivuli chake kikubwa kilikuwa kimelala chote ndani ya uzio, juu ya nyasi zinazomwagiliwa.

Sikumlaumu aliyelichora. Yeye naye alichora mpaka kwenye bikoni yake. Nilijiuliza tu ni nani anayechora pale palipobaki. Jibu ni mpangaji miji, na mimi sikuwa na elimu hiyo.

Kabla ya kuomba chuo nilitaka kwanza kuona waliotutangulia walivyoishi na jua hili. Nilikwenda Mvumi, wilayani Chamwino, kupima tembe chache zilizobaki, zile nyumba za asili zenye paa la udongo. Kwenye moja alikuwepo bibi anayekaa na wajukuu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Ingia ndani, huko nje jua litakukausha."

Mlango ni mfupi, unainama. Ndani macho yanachelewa kuzoea, halafu unaanza kuviona vitu kimoja kimoja: nguzo za miti zilizochongwa panda, mihimili juu yake, fito zilizosukwa, na juu ya yote udongo uliotandazwa na kushindiliwa mpaka paa likawa bapa. Kuta ni za miti iliyokandikwa. Nyumba ni ndefu na ya chini, mabawa yake yamekizunguka kiwanja ambamo ng'ombe hulala. Udongo ule mzito unapokea joto la mchana polepole, na linapofika ndani tayari ni usiku, usiku ambao Dodoma una baridi na joto hilo unalihitaji. Nilimuuliza bibi kwa nini mlango haukutazama upande wa mashariki ambako kuna njia.

"Upepo unatokea huko. Ukiweka mlango huko utakula mlenda na vumbi."

Akanipeleka uani kunionyesha tembe za jirani zilivyokaa. Kati ya mji mmoja na mwingine imeachwa njia ya mifugo kwenda bwawani, pana, haikati shamba la mtu. Hakuna afisa aliyeipima. Sisemi turudi kwenye tembe. Paa la udongo linavuja mvua ikikaza, kila mwaka linataka kukandikwa upya, ndani kuna giza na moshi, na bibi mwenyewe aliniambia akipata bati ataezeka kesho. Nilichoondoka nacho ni kwamba watu wale walipanga nyumba na njia kwa pamoja, kichwa kimoja kikifikiria vyote viwili.

Niliomba Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Kilianza miaka ya 1950 kama shule ya wapima ardhi, kikawa Chuo cha Ardhi, mwaka 1996 kikaingia chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2007 kikasimama chenyewe. Wenzangu wengine walibaki nyumbani wakasoma Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, ambacho kiko hapa hapa Dodoma, na wanafanya kazi nzuri. Chuo kipi kinakufaa inategemea unataka kushughulika na nini. Mimi nilitaka mji wenyewe, viwanja vyake na barabara zake.

Darasani tulikuwa maafisa mipango miji wa halmashauri, wapima ardhi, mwanasheria, mchumi na wasanifu wachache. Zoezi la kwanza tulipewa eneo la ekari kadhaa tulipange. Nilichora kwa furaha zote, barabara zimepinda vizuri, bustani katikati, na nyumba nimezilaza sawasawa na jua. Mhadhiri aliutazama mchoro muda mrefu, akaniuliza maswali mawili tu. Maji ya mvua ya paa zote hizi yanakwenda wapi? Na huo mtaro atalipia nani?

Maswali hayo mawili ndiyo uzamili wangu wote ukitaka kuufupisha. La kwanza ni la ardhi: mteremko, udongo, korongo. La pili ni la sheria na fedha. Nililazimika kuisoma Sheria ya Ardhi ya 1999 na mwenzake ya ardhi ya vijiji, kisha Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na kuelewa kinachotokea mashamba ya mtama na zabibu yanapotangazwa kuwa eneo la upangaji. Nani anafidiwa, kwa thamani ipi, anahamia wapi. Msanifu hukutana na kiwanja kikiwa tayari kina namba. Mpangaji hukutana na familia iliyokuwa inalima hapo kabla ya namba. Huwezi kuchora vizuri kama hujawahi kukaa na familia hiyo.

Takwimu zilinitesa, nasema kweli. Kama umetoka kwenye usanifu, tafuta mtu akufundishe mapema namna ya kuchukua sampuli na kusoma majedwali, usisubiri muhula wa pili. Jifunze pia programu ya ramani za kompyuta kabla hujaripoti chuoni. Zipo za bure kama QGIS, na picha za setilaiti za Dodoma za miaka tofauti zinapatikana. Ukifika unajua tayari kuziweka moja juu ya nyingine, unabaki na muda wa kufikiri.

Maktaba ndiko nilikokutana na jambo lililonigeuza. Ni mpango kabambe wa kwanza wa makao makuu, yaani mpango mkuu wa kuongoza mji mzima, wa mwaka 1976. Uliandaliwa na Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, kampuni ya Macklin Hancock, yule aliyepanga kitongoji cha Don Mills kwenye mji huo huo wa Toronto. Nilitarajia kukuta barabara za gwaride na minara, maana ndivyo miji mikuu mipya ilivyokuwa inafanywa. Brasília ilikuwa imefunguliwa 1960 na majengo ya Oscar Niemeyer yanayokufanya ushike kifua. Wanigeria nao baadaye walimpa Kenzo Tange wa Japani kazi ya kitovu cha Abuja. Mpango wa Dodoma ulikwenda njia yake. Ulitaka mji wa majengo mafupi, wa jumuiya ndogo ndogo, kila moja na shule na maduka yake mtu anayoweza kuyafikia kwa miguu, halafu njia ya mabasi iziunganishe. Watu walitegemewa kutembea, kuendesha baiskeli na kupanda basi. Miaka ya 1980 James Rossant wa New York akapewa kazi ya kusanifu kitovu cha Serikali, naye akaendelea na roho ile ile ya mji usiojitutumua.

Mambo hayakwenda. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha, uchumi ukaporomoka, Serikali ikaendelea kukaa Dar es Salaam. Lakini mpango ule haukufa wote. Ukitembea leo Area C au Area D unaona mitaa iliyopimwa, na barabara zenye nafasi ya mti na mtaro. Usimame hapo, kisha uende kwenye vitongoji vipya vya pembezoni ambako nyumba zilitangulia na mpimaji akafuata. Tofauti utaiona kwa macho, huhitaji profesa.

Kwa maoni yangu, waliouandaa mpango wa 1976 waliamini mno kwamba Serikali itajenga na kugawa kila kitu, na kwamba magari yatakuwa machache. Yametokea mengine. Mpango kabambe wa sasa, wa 2019 hadi 2039, unabeba jiji lenye magari na wawekezaji ambao wale wa Toronto hawakuwawazia. Ila kwenye jambo moja naamini wa zamani walituzidi: waliuanza mji kwa mtu anayetembea. Chuo Kikuu cha Dodoma kina eneo la hekta zipatazo 6,000, na ndaki zake, yaani vyuo vilivyo ndani yake, ziko mbalimbali. Muulize mwanafunzi yeyote wa hapo nauli ya daladala na bajaji inamla kiasi gani kwa wiki. Hiyo nauli ni gharama ya mpango, imehamishiwa mfukoni mwa mwanafunzi.

Nilipokuwa Dar sikuacha kuyapenda majengo. Nilikwenda mara nyingi Kariakoo kutazama soko alilosanifu Beda Amuli, lililofunguliwa 1975. Amuli anatajwa kuwa msanifu majengo wa kwanza Mwafrika katika Afrika Mashariki. Paa la soko hilo ni miavuli mikubwa ya zege iliyosimama juu ya nguzo, imeinuka mbali na wafanyabiashara ili upepo upite, na kila mwavuli unakusanya maji ya mvua na kuyateremsha yakahifadhiwe. Ni jengo la kukushangaza na wakati huo huo lina jibu la maswali yote mawili ya mhadhiri wangu. Francis Kéré wa Burkina Faso naye alinikaa kichwani. Shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, iliyokamilika 2001, ina dari la udongo na juu yake paa la bati lililonyanyuliwa, hewa inapita katikati na kuondoka na joto. Alianza kuishughulikia akiwa bado mwanafunzi Berlin, na 2022 alipewa tuzo ya Pritzker. Gando ni pakavu na pana joto kali, na bati ni lile lile tunaloliezeka sisi. Mtu wa Nkuhungu, hapa Dodoma, anaweza kuinua bati lake hivyo hivyo bila kuagiza kitu Ulaya.

Kwa tasnifu nilirudi Dodoma. Nilichagua mtaa mmoja wa pembezoni na swali moja: watu wanapita wapi kwa miguu, na viwanja vilipopimwa njia hizo zilikwenda wapi? Mwenyekiti wa mtaa alinizungusha. Tulikuta njia ya miguu ya miaka mingi, inatoka kwenye nyumba za zamani, inapita chini ya miti ya mikungugu, inafika kituo cha daladala. Kwenye mchoro wa viwanja haikuwepo. Ilikuwa imelaliwa na viwanja vya watu, na wenyewe walikuwa wameshajenga ukuta, haki yao kabisa. Wanafunzi wa shule ya msingi walikuwa wanazunguka ukuta mrefu juani, na pale ukuta ulipoishia wametoboa njia nyingine kwenye kiwanja ambacho bado hakijajengwa. Nikamuuliza mwenyekiti watafanya nini nacho kikijengwa.

"Watatafuta kingine. Mguu hauzuiwi na karatasi, dada."

Jambo la pili lilikuwa korongo. Dodoma hupata mvua kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki korongo ni mchanga mkavu, safi, watoto wanachezea mpira. Wanunuzi wengi huja kutazama viwanja kiangazi, wakati hata mwenyeji akiwaambia hapa maji hupita anaonekana anataka kuharibu biashara. Kwenye nyumba moja mama alinionyesha mstari wa matope kwenye ukuta wa sebule, umefika juu ya mkono wa kochi. Alikuwa amepaka rangi mara ya pili na mstari bado unajitokeza. Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, imeezekwa msauzi, dari la jipsamu lenye taa za kuzama. Fundi na mchoraji walifanya kazi yao yote ndani ya bikoni.

Kuhusu gharama niseme wazi, kwa sababu vijana huliulizia kwa aibu. Ada si kitu pekee, kodi ya chumba Dar na nauli ya kwenda kwenye utafiti vinakula sana. Mimi niliendelea kuchora nyumba ndogo ndogo usiku na kuzituma kwa wateja wa Dodoma. Kama umeajiriwa, omba ruhusa ya masomo kwa maandishi mapema na ubaki na nakala. Mwajiri mmoja wa rafiki yangu aliahidi kwa mdomo, akabadilika katikati ya muhula. Na chagua msimamizi wa tasnifu anayekubali kutoka ofisini. Wangu alikuja mpaka kwenye korongo, akavua viatu, akatembea mchangani na mwenyekiti, na sura nzima ya pili ya tasnifu ilizaliwa kwenye mazungumzo yao.

Ukimaliza, kuna Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji, bila usajili huwezi kusaini mpango. Anza taratibu hizo mapema. Halafu usiitupe kalamu ya usanifu. Kwenye timu ninayofanya nayo kazi sasa, wananchi huielewa ramani ya matumizi ya ardhi pale tu ninapowachorea kona moja ya mtaa wao jinsi itakavyoonekana, na mti, benchi na kivuli chake saa kumi jioni.

Miti ndiyo vita yangu ya sasa. Tangu kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani ilipoanza mwaka 2017 imepandwa mingi, na ninaifurahia, ila mingi iko ndani ya nyua za taasisi na kwenye mizunguko ya barabara asikotembea mtu. Mwarobaini mmoja upande wa magharibi wa kituo cha daladala unawafaa watu wengi kuliko safu nzima nyuma ya geti. Kwenye mpango kina, yaani mchoro wa kina wa eneo dogo, tunaouandaa sasa wa mtaa mmoja mpya nimeweka mistari ya miti kwenye mchoro wenyewe, pamoja na nafasi ya mizizi, na nimeomba korongo lote liachwe na ukanda wake pande zote mbili. Njia tatu za miguu za zamani nimezichora zikabaki njia.

Sheria inaitaka mamlaka ya upangaji iwashirikishe wananchi, na mkutano wetu wa kwanza ulikuwa mkali. Mzee mmoja alipinga upana wa njia ya miguu, kwamba inamega kiwanja chake. Mama mmoja anayeuza maandazi akasimama akasema njia hiyo ndiyo dukani kwake. Walibishana kwa heshima, shikamoo na marahaba zikiwa katikati, mpaka mwenyekiti akapendekeza njia isogezwe kidogo upande wa shule, ambako kuna ardhi ya umma. Mwalimu mkuu ameomba kwanza apate kibali cha kamati ya shule. Alhamisi tunarudi na mchoro uliorekebishwa, na nimemwomba mpimaji aje na kamba ili tuitandaze njia hiyo chini, kila mtu aione inapopita kabla ya bikoni kuchimbiwa.